Meli Juu ya Milima ya Bale

Chukua latitudo ya Dar es Salaam, digrii 6 na dakika 49 kusini, na longitudo yake, digrii 39 na dakika 17 mashariki. Sasa badilisha neno moja tu: kusini iwe kaskazini. Meli iliyokuwa imetia nanga nje ya bandari imepanda hadi nyanda za juu za Bale, Ethiopia, na bado inapima chumvi ya maji. Irudishe kusini, kisha badilisha mashariki iwe magharibi, na sasa imekwama nchi kavu kaskazini mashariki mwa Brazili. Badilisha yote mawili kwa pamoja, na meli inaelea salama katikati ya Atlantiki, kwenye maji ya vuguvugu yanayofanana vya kutosha na ya kwetu. Hakuna atakayeuliza imefikaje huko.

Makosa mawili ya mwanzo yanapiga kelele. La tatu limenyamaza, na ndilo lililonivuta nianze kusoma miongozo ya mafaili ya kale ya bahari kama wenzangu wanavyosoma riwaya: nikitafuta msimulizi ni nani, anajua nini, na ananificha nini bila yeye mwenyewe kukusudia.

Mfano wa Bale sikuuokota hewani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lina jedwali linaloigawa dunia katika robo nne: 1 ni kaskazini mashariki, 3 ni kusini mashariki, 5 ni kusini magharibi, 7 ni kaskazini magharibi. Lina jedwali jingine linaloigawa katika vipande vinane, thumni kwa thumni, na humo 3 ni kipande cha kaskazini kilicho kati ya longitudo 0 na 90 mashariki. Tarakimu ni ileile. Kwa jedwali moja uko Dar es Salaam, kwa jingine uko Bale. Faili lisilo na mwongozo halisemi linafuata jedwali gani, kwa sababu aliyeliandika alijua, na aliyekaa meza ya jirani alijua, na wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba siku moja atatokea msomaji wa tatu.

Wasomaji wa tatu ndio sisi. Kati ya 1959 na 1965 meli zipatazo 40 za mataifa mbalimbali ziliipima Bahari ya Hindi katika Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1964, wakati wa kusi, Discovery ya Uingereza na Argo ya Marekani zilikuwa zikiufuatilia mkondo wa Somalia. Mwaka 1971 Klaus Wyrtki akachapa atlasi kubwa ya vipimo vya msafara ule. Namba zile zilipita kwenye madaftari, zikaingia kwenye kadi za kutobolewa, zikahamia kwenye tepu za sumaku, zikatoka huko kuwa mafaili ya maandishi, na kila zilipohama kuna kitu kilichosalia nyuma. Anayetaka kujua leo kama maji ya pwani hii yamepata joto tangu enzi za babu yake hana bahari nyingine ya kuuliza. Ana namba hizo.

Mwaka 1993 Tume ya Kiserikali ya Bahari, iliyo chini ya UNESCO, iliidhinisha mradi wa kuziokoa data za namna hii kabla tepu hazijaoza na madaftari hayajaliwa na mchwa. Mradi uliitwa GODAR, ukaongozwa na Sydney Levitus, na katika jina lake mna neno akiolojia. Kazi yenyewe naiheshimu sana. Jina silikubali.

Mwanaakiolojia akichimba Kilwa akatoa kigae, kigae ni kigae. Anaweza kukosea umri wake, lakini hawezi kukikosea kikawa samaki. Faili halina umbo la namna hiyo. Tarakimu themanini kwenye mstari mmoja hazijawa kitu chochote mpaka mtu azikate, aseme hizi mbili ni mwezi, hizi nne ni kina, hizi tatu ni halijoto, na nukta ya desimali tunaijua tu, haikuandikwa. Akikata pengine, anapata mwezi mwingine, kina kingine, bahari nyingine. Kazi hiyo ina jina lake la zamani: ni uhakiki wa matini. Na sisi tuna mababu ndani yake.

Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikuwa akikusanya tungo za Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki yapata 1840, na akazisoma pamoja na Mwingereza William Taylor, aliyezihamishia kwenye hati za Kilatini na kuziwekea maelezo. Tungo zilikuwa katika hati za Kiarabu. Wanaoijua hati hiyo wanajua taabu yake kwa Kiswahili. Ina alama tatu za irabu, na lugha yetu ina irabu tano; i na e wanakaa nyumba moja, u na o nyumba nyingine. Herufi ya be, kwa mwandishi wa zamani, ingeweza kusimama mahali pa b, au p, au mb. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa kwa unadhifu kabisa linaweza kuwa baba na linaweza kuwa papa. Mtu ameandika kwamba alimwona nani baharini? Kama ni mvuvi, yote mawili yanawezekana.

Sikujua alikuwa na kitu ambacho hati haikuwa nacho: alikuwa ameishi karibu na watu waliozijua zile tungo kwa kichwa. Maelezo aliyompa Taylor ndiyo ambayo watu wa kompyuta wangeyaita metadata, yaani habari zinazoeleza habari. Diwani ilipochapwa mwaka 1940, mikononi mwa William Hichens, iliegemea juu ya kumbukumbu ile. Mafaili ya bahari mara nyingi yamefika kwetu bila Sikujua wao.

Sasa nifungue faili moja nionyeshe jinsi linavyosomwa. Kadi ya kutobolewa ilikuwa na safu 80. Kila safu ilikuwa mali, na alama ya kutoa ingekula safu nzima, basi waliibana: tundu la ziada lilitobolewa juu ya tarakimu ya mwisho ya namba, kwenye safu ileile. Kwa mashine ya kadi hilo lilieleweka. Kadi ziliposomwa na kompyuta zikawa maandishi, matundu mawili kwenye safu moja yakawa herufi. Hasi 1 ikawa J, hasi 2 ikawa K, hasi 3 ikawa L, hadi hasi 9 ikawa R. Ukikuta 01L kwenye safu za halijoto, hapo hapakuwa na mchapaji mlevi. Ni hasi 1.3, maji ya karibu na barafu. Hata sifuri hasi ipo, ambayo mashine moja inaiandika kwa mabano yaliyojipinda na nyingine kwa alama ya mshangao. Naipenda alama hiyo ya mshangao, imekaa peke yake katikati ya tarakimu.

Herufi L angalau inakushtua. Umekutana na kitu usichokielewa, unasimama, unauliza. Shida kubwa iko kwenye namba ambayo unadhani umeielewa.

Kwa mfano, safu ya saa. Sisi tunaoambiana tukutane saa tatu asubuhi tumezaliwa ndani ya tatizo hili, na ndiyo maana hatulioni. Dakika ileile, kwa saa ya ukutani ya Dar es Salaam, ni 9. Kwa saa ya Greenwich ni 6. Daftari la mpimaji mmoja lina 3, la mwenzake lina 9, faili la kituo lina 6, na wote watatu waliitazama bahari kwa wakati mmoja. Hakuna namba kati ya hizo inayokiuka sheria yoyote. Programu ya kuchuja makosa itazipitisha zote tatu kwa saluti, kisha mtu atachora mchoro wa jinsi uso wa bahari unavyopata joto mchana na kupoa usiku, na mchoro utakuwa umepinda kidogo, na atatafuta sababu angani.

Au safu ya mwelekeo. Upepo huitwa kwa unakotoka. Kusi ni kusi kwa sababu unatoka kusini, na mabaharia wa dunia nzima wanaandika hivyo. Mkondo wa maji huandikwa kwa unakoelekea. Wakati wa kusi, upepo na maji ya pwani yetu vinakwenda upande mmoja, lakini kwenye daftari upepo utakuwa karibu na 180 na mkondo karibu na 360. Sasa fikiria faili lenye safu iliyoandikwa mwelekeo tu. Msomaji akidhani mkondo nao umeandikwa kwa unakotoka, anaugeuza, na maji mbele ya Somalia yanaanza kwenda kusini. Je, namba itapiga kelele? Hapana. Mkondo wa Somalia hugeuka kwa msimu, na wakati wa kaskazi huelekea kusini kweli. Umepata bahari halisi kabisa, ila ni ya Januari, na daftari ni la Agosti. Msomaji wa Hamburg au wa Tokyo hana sababu ya kushtuka mara moja. Nahodha yeyote wa Lamu angeshtuka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wanaosema kazi hii ni ya mashine sasa. Mashine ni hodari wa kukamata meli iliyo mlimani. Usomaji mbaya unaoleta maana unakamatwa na anayeijua bahari inayosemwa.

Kisa kikubwa kuliko vyote ninavyovijua katika fani hii kilichapwa mwaka 2019, kwenye jarida la Nature, na Duo Chan, Elizabeth Kent, David Berry na Peter Huybers. Walishughulikia swali lililosumbua kwa muda mrefu: kwa nini rekodi zinaonyesha kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 Atlantiki ya kaskazini ilipata joto upesi sana, mara mbili ya wastani wa dunia, huku kaskazini magharibi mwa Pasifiki kukipoa? Watu walikuwa wametafuta majibu kwenye mikondo na kwenye anga. Wao wakarudi kwenye maandishi. Walichukua vipimo vya meli zilizokuwa karibu karibu, wakalinganisha kundi moja la rekodi na jingine, wakaona kwamba makundi hayasomi sawa. Rekodi za Kijerumani zilikuwa na tofauti yake. Za Kijapani za miaka ya 1930 zilikuwa baridi kuliko za jirani zake, na sababu kubwa ilikuwa hii: zilipoingizwa kwenye kadi miaka ya 1960, sehemu ya desimali ilikatwa. Haikukadiriwa kwenda namba iliyo karibu, ilikatwa. Maji ya digrii 19.9 yakawa 19.

Piga hesabu mwenyewe. Desimali ikiweza kuwa chochote kati ya sifuri na tisa, kuikata kunapunguza wastani kwa digrii 0.45. Kwa kipimo kimoja si kitu. Kwa Pasifiki nzima ni hali ya hewa nyingine. Makosa hayo yaliporekebishwa, bahari mbili zilizokuwa zikipingana zilianza kufanana, na zikakubaliana zaidi na vipimo vya nchi kavu.

Ninachokiona cha kutisha katika kisa hiki ni adabu ya zile namba. Namba nzima, safi, iliyokaa vizuri kwenye safu zake. Baharia aliyevuta ndoo, akaingiza kipimajoto, akasubiri, akasogeza jicho kwenye mstari wa zebaki ili apate ile sehemu ya kumi, alifanya kazi yake yote. Miongo mitatu baadaye mtu ofisini akaokoa safu moja ya kadi. Naye hakuwa mtu mbaya. Kadi zilikuwa nyingi.

Na ndoo yenyewe ina habari zake. Maji yakiwa kwenye ndoo ya turubai juu ya sitaha yenye upepo hupoa kabla hayajapimwa. Maji yanayoingia kupoza injini hupimwa yakiwa yamechukua joto la chumba cha mashine. Mwaka 2008 David Thompson na wenzake walionyesha kwamba mshuko wa ghafla wa halijoto ya dunia mwaka 1945, wa karibu digrii 0.3, ulitokana na vita kwisha: meli za Marekani, zilizopima kwenye injini, zilipungua kwenye rekodi, na za Uingereza, zilizopima kwa ndoo, zikaongezeka. Neno moja, ndoo au injini, lingetosha kuliona hilo mapema. Rekodi nyingi hazikuwa nalo.

Kuna hali moja mbaya zaidi ya kukosa neno, nayo ni kutojua kama neno limekwisha kufanyiwa kazi. XBT ni kifaa chembamba kinachotupwa majini kutoka kwenye meli inayokwenda, kikishuka na waya wa shaba unaofunguka. Kinapima joto lakini hakipimi kina. Kina hukisiwa kwa muda: sekunde kadhaa tangu kiguse maji, basi kimefika mita kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilithibitika kwamba aina zinazotumika sana zinashuka haraka kuliko kanuni ya mtengenezaji ilivyodai, na mwaka 1994 ukatolewa ushauri wa kuzidisha kina kwa 1.0336. Mita 760 ya zamani ni kama mita 785 za kweli. Rahisi. Ila baada ya hapo yalianza kuingia mafaili yaliyokwisha kuzidishwa pamoja na yasiyozidishwa, na mengi hayakusema yako kundi gani, wala kifaa kilikuwa cha aina ipi. Ukizidisha lililokwisha kuzidishwa umeharibu. Usipozidisha ambalo halikuzidishwa umeacha uharibifu. Ule mwinuko wa joto la bahari wa miaka ya 1970 uliowatatiza wengi ulipungua sana makosa ya XBT yaliposhughulikiwa, miaka ya 2007 na kuendelea. Anayesahihisha bila kuandika kwamba amesahihisha ni mhariri aliyebadilisha ubeti akachoma muswada.

Kwa sababu hiyo nataka kusifu maandishi yasiyosifiwa na mtu: mpangilio wa faili wa World Ocean Database, hazina inayotunzwa na NOAA ya Marekani. Kwa macho ni ukuta wa tarakimu. Ukiusoma pole pole unaona heshima ya ajabu kwa msomaji wa tatu. Kila kipimo kinajitambulisha kabla ya kusema. Tuseme umekuta 331281. Tatu ya kwanza inakuambia tarakimu za kuaminika ni tatu, tatu ya pili kwamba namba ina urefu wa tarakimu tatu, moja kwamba baada ya nukta kuna tarakimu moja. Kisha ndipo namba: 28.1. Jirani yake ni 4422810, yaani 28.10. Kwa kikokotoo hizo mbili ni sawa. Kwa mpangilio huu si sawa, kwa kuwa wa pili alikuwa na kifaa kilichoweza kuona sehemu ya mia, na wa kwanza hakuwa nacho na hakujidai. Kipimo kinachotiliwa shaka hakifutwi. Kinawekewa alama pembeni na kuachwa palepale. Ni desturi ya Sikujua na Taylor: andika ulichokikuta, maoni yako yaweke kando.

Lawama yangu ni moja. Humo mna namba ya nchi, namba ya meli, namba ya safari, namba ya taasisi, hata namba ya mtafiti mkuu. Aliyevuta ndoo hana nafasi. Ungesema haijalishi, maji ni maji. Lakini tumekwisha kuona kwamba inajalisha ndoo ilikuwa ya nini, ilikaa juani muda gani, aliyesoma alikadiria au alikata. Hayo yote yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Mtafiti mkuu pengine alikuwa amelala.

Na tahadhari kwa wale wanaotaka kusafisha kila kitu. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye kadi mara nyingi husomwa na kompyuta kuwa sifuri, kwa hiyo vipimo vilivyopotea mahali pake hukusanyika kwenye latitudo 0 na longitudo 0, katika Ghuba ya Guinea. Ni desturi kuvitupa, na takriban vyote vinastahili kutupwa. Lakini mtandao wa maboya uitwao PIRATA, wa Brazili, Ufaransa na Marekani, ambao maboya yake yamepewa majina ya mitindo ya muziki, uliwahi kuwa na boya lililofungwa nanga hapo hapo, sifuri kwa sifuri. Liliitwa Soul. Lilipima joto la maji, na namba zake ni za kweli.